Mota ya Nyuma

Kisheria, gari la wanandoa lilikuwa na wenyewe wawili: mota ya mbele ya mke, ya nyuma ya mume. Hakuna chuma kilichoziunganisha. Kompyuta ndiyo iliyogawa nguvu, na kila mota iliwaka kwa ruhusa ya mwenyewe tu, aliyeweza kuifuatilia na kuiendesha hata akiwa mbali.

Kwenye lami, mota ya Wakesho ilimtosha. Lakini asubuhi hiyo mvua ilikuwa imelowesha mlima wa kutokea nyumbani kwao, huko Wundanyi, na katikati ya kona magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka bure kwenye tope. Kwenye kiti cha nyuma, binti yake Mkamburi alikuwa amekumbatia begi la nguo.

Gari likampigia mumewe simu lenyewe.

"Umekwama, mke wangu?" Mghanga aliuliza kwa upole. "Unaenda wapi na mvua hii?"

"Sokoni, Baba Mkamburi."

"Haya. Naruhusu."

Magurudumu ya nyuma yakashika, gari likapanda bila kuteleza. Walipofika juu, penye lami, Wakesho alishusha pumzi.

"Asante. Sasa izime."

"Acha iwake tu, nikusindikize."

Soko lilikuwa kushoto. Wakesho alikata kulia, njia ya kwa mama yake. Gari likawa zito, likasimama. Magurudumu ya mbele yalivuta kwenda; ya nyuma yalivuta kurudi, na yalikuwa na nguvu zaidi.

"Soko si huko," alisema Mghanga, kwa upole uleule.

Wakesho alijaribu mlango. Haukufunguka, kwa sababu gari lilikuwa limeanza kutembea.

"Mama," Mkamburi aliuliza, "mbona tunarudi nyuma?"