Kanga Nyekundu

Mnara wa ufukweni ukishatangaza hali ya bahari, kubisha ni kosa. Leo asubuhi ulitangaza upepo hafifu na mawimbi ya magotini. Mimi dirishani niliyaona yakimzidi mtu mzima kimo, na watoto wa mtaa wamo humo humo na mbao zao za kuteleza.

Nikaanika kanga nyekundu. Kila mtoto wetu anajua maana yake. Binti yangu, Mwanakombo, alitoka majini wa kwanza.

Askari wa ufukwe akaja mbio. "Mama, bahari imetulia!" alipiga kelele, maana mawimbi yalikuwa yakinguruma. "Anua hiyo nguo!"

Alinisimamia mpaka nikaianua, nikaikunja.

Mwanakombo alisimama mlangoni akichuruzika maji.

"Mama, irudishe," akasema. "Wenzangu hawajaiona."