Saa ya Tone

Jumapili, tarehe tano Machi, mwaka 2084, nesi alimdondoshea Bi Mgeni puani tone lake la mwaka, lenye kichocheo cha kukuza neva. Kila mzee hupewa moja tu. Seli zilizodhoofika ubongoni, zikifanya kazi katika saa moja baada ya tone, hulishwa zikaishi; zikilala, hufa kabla ya mapambazuko.

"Mama, litaje jina langu tena na tena," bintiye Siwatu alimsihi.

"Nikutaje kama kasuku? Lete ukili tusuke mkeka."

"Utanisahau!"

"Ewe mwenye mkono wa kushoto, kaa huku, usinigonge kiwiko."

Siwatu alisuka huku machozi yakimlengalenga, mpaka saa ikapita.

Kulipokucha, Bi Mgeni alimtazama kwa muda mrefu, midomo ikitafuta. Jina halikuja. Siwatu akainamisha kichwa. Ndipo mama alipouvuta ukili, akajisogeza kulia, akapigapiga jamvi kushoto kwake.

"Kaa huku, mwanangu. Usinigonge kiwiko."

Ewe msomaji, ukimjua mtu ambaye mzazi wake anangojea tone, tafadhali msimulie haya kabla saa haijafika.