Kadi Iliyokaliwa Miaka Sita

Meneja alikunja karatasi, akapangusa theluji kwenye masharubu. Msamaha wa kufanya kazi bila leseni umefutwa, alitangaza. Kuanzia Jumatatu, fundi asiye na leseni hapandi laini kubwa za umeme.

Delbert, ambaye hata msibani hakosi utani, alimpiga begani mwenzake waliyefanya kazi pamoja kwa miaka kumi na tisa. Delbert ndiye aliyemzuia kila mwenzake alipotaka kufanya mtihani wa leseni: "Leseni ni ya wafunga taa za jikoni, kaka. Sisi wa laini kubwa sheria imetusamehe."

"Haya, bwana mkubwa, tumefukuzwa wote. Twende tukavue samaki."

Mwenzake alivua glavu nzito ya mpira, akatoa pochi mfuko wa nyuma wa suruali, na ndani yake kadi. Pembe zake zilikuwa zimelika kwa kukaliwa. Ilikuwa leseni yake ya umeme, yenye tarehe ya miaka sita nyuma.

"Nafasi ya unyapara ilikuwa moja, Del," alisema bila kuinua macho. "Na wewe una kichwa kunishinda; ungejua nina leseni, nawe ungefanya mtihani, wangekupa wewe."