Kigogota wa Mfuko wa Saruji

Ruffin alibakiwa na mkunjo mmoja tu, ule wa shingo, ili kigogota wake wa karatasi aweze kugonga. Mara nne karatasi ilikuwa imechanika hapo hapo shingoni, na mara nne alikata kipande kingine cha mfuko wa saruji akaanza upya.

“Lete, miye nikamate,” mke wake akasema.

“Hapana. Weye piga video tu.”

Tangu jiwe limwangukie na kumkata vidole viwili vya mkono wa kuume, nyumbani walikuwa wakimvalisha hata viatu. Sasa aliibana karatasi kwa vigutu vya vidole hivyo, akaminya kwa ukucha wa kidole gumba mpaka jasho likamdondoka puani. Shingo ikaingia bila kuchanika.

Akavuta mkia taratibu. Kigogota akagonga meza kwa mdomo, to, to, to.

Mke wake akamwonyesha video ya kutuma kwenye kundi la wakunja karatasi. Ndege alionekana vizuri. Mkono wa Ruffin mke wake alikuwa ameuficha, kama alivyouficha kwenye video zote.

Ruffin akaikunjua shingo.

“Unafanya nini?”

“Ninarudilia. Piga yote. Mukono yangu nayo ionekane.”