Kopo la Bluu

Huriya alifika kazini na plasta kidoleni na hasira kifuani. Asubuhi ile, akichukua bakuli la supu kabatini, alichomwa na sindano. Sindano, ndani ya bakuli! Mama yake alikuwa akiweka vitu ovyo tangu dawa yake ya macho ilipoadimika Aljeria nzima. Sasa alipapasa kuta, na alichokiona kilikuwa ukungu tu. Daktari alishaonya kwamba bila matone yale, hata huo ukungu hatauona tena.

Na matone yenyewe yapo! Hilo ndilo lililomchoma Huriya kuliko sindano. Yako kwa walanguzi, wanaoyapitisha hapa hapa uwanja wa ndege, kisha wanawauzia wagonjwa kwa bei ya kukufuru.

Kwa hiyo ndege ya kutoka Lyon, Ufaransa, ilipotua, Huriya kwenye meza yake ya forodha hakuwa na subira na mtu.

"Fungua!"

Kijana aliyeitwa Mokrane akafungua begi. Chini ya nguo kulikuwa na kopo la biskuti la bluu, lile ambalo kila nyumba ya Aljeria inalo na hakuna anayekumbuka biskuti zake. Huriya akabandua kifuniko. Vichupa vya matone ya macho, vimejaa pomoni.

"Unaumwa macho wewe?"

"Hapana, afande. Ni ya bibi mmoja. Alitutumia vitamu vya makruti Lyon ndani ya kopo hili, akaomba likirudi lirudi na dawa."

"Cheti cha daktari?"

"Anacho mwenyewe, nyumbani."

"Nani huyo?"

"Wallahi simjui. Binamu yangu atanielekeza nikifika mjini."

Huriya akacheka kwa uchungu. "Kila mlanguzi anayesimama hapa ana bibi yake kipofu! Huyo wako hana watoto?"

"Anaye binti. Bibi kasema huyo haombeki."

"Binti gani huyo, anamwacha mama yake aombeombe kwa wapita njia? Hana haya!"

Slimane, mwenzake Huriya wa zamu, akasogea na kumnong'oneza.

"Dada, si ndiyo yale ya mama? Chukua vichupa viwili. Nani atajua?"

"Mama yangu hatiwi haramu machoni!" Huriya alisema kwa sauti, ukumbi mzima ukageuka. "Dawa ya mtu mwingine, bila cheti, haiingii. Ikiingia hii, itaingia na ya walanguzi wote."

Akavimimina vichupa vyote kwenye pipa la vitu vya kuteketezwa, akalifunga na kulitia lakiri. Lile kopo akamsukumia Mokrane kifuani.

"Shika. Mpelekee bibi yako."

Adhuhuri gari likaja, likalichukua pipa kwenda kuchomwa. Huriya alilisindikiza kwa macho mpaka likatoka getini. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, alijiona amefanya kitu.

Jioni alipanda ngazi za kwao, mtaa wa Bab el Oued. Alimkuta mama yake mezani jikoni, midomo inamtetemeka, na si kwa huzuni. Mama yule akikasirika, hata paka alihama.

"Nani kakuudhi, Mama?"

"Tangu niolewe, Huriya, chombo changu hakijawahi kutoka hapa kimejaa kikarudi kitupu. Hata miaka ya njaa, watu walikitia japo chumvi. Leo kimerudi kitupu! Mungu amuone aliyekimwaga."

Bakuli la supu lilikuwa mbele yake. Alikuwa akilipapasa, anatoa nyuzi na sindano moja moja, anazirudisha kwenye kopo la bluu.

"Kidole kimepona, mwanangu?" akauliza, sauti imelainika. "Basi njoo unitungie uzi, mimi siwezi tena."

Akanyoosha sindano, upande ambao Huriya hakuwepo.