Orodha ya Akina Kingori

"Ni Kingori yupi?" meneja akauliza kwa mara ya tatu. Watiri akazivua hedifoni na kuzibwaga mezani.

Kampuni yao hapa Nyeri ilikuwa imekodiwa na jeshi kusikiliza kanda zilizorekodiwa kwa siri, naye ndiye mtafsiri wa Kikuyu. Katika kanda ya leo, mtu wa Mukurweini alisema tu, "Zile karatasi za kupinga serikali ziko kwa Kingori."

"Si nimekwambia, huko nyumbani Mukurweini kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu! Marehemu mzee Kingori alikuwa na wana wanne, na kila mmoja ako na Kingori wake. Mimi nitajuaje ni yupi?"

"Jeshi haitaki hadithi za ukoo. Andika wote."

Akapiga taipu kwa hasira hadi nukta zikatoboa karatasi: Kingori mwalimu. Kingori wa maziwa. Kingori dereva. Akaichomoa, akamsukumia.

Meneja akaisoma, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kilipofika mwisho kikabaki pale pale, kikigongagonga sehemu isiyoandikwa kitu.

"Wanne, umesema," akanena taratibu, kisha akamwita kwa jina ambalo ofisi nzima humwita wakati wa chai. "Huyu wa nne ni nani, Mama Kingori?"