Barua ya Charli

Barua ilikuwa nzuri hata Makungu akaogopa kuikunja. Aliibeba ndani ya kofia kutoka Bububu mpaka mjini, kichwa wima, na kila aliyemwamkia njiani alimjibu kwa macho tu.

Ilikuwa ya Kizungu. Hata neno moja ndani yake hakulijua, na hakuona haja. Aliikodi kwa jike la kuku kwa Gharib, aliyerithi debe zima la barua za sifa kwa mjomba wake, mpishi wa Wazungu. Vijana waliotaka kazi mjini wote walipita kwa Gharib, na Gharib naye Kizungu hakukijua, ila majina alikuwa akiyasoma.

"Chukua hii," alimwambia. "Marehemu mjomba alisema bwana wake aliiandika huku analia. Nshaona barua nyingi, lakini Mzungu kumlilia mtu, sijaona. Ila humu jina ni Charli. Ukiitwa, itika."

"Nitaitika."

Kazi yenyewe Makungu aliiota tangu mdogo: mpiga mbiu wa senema. Mtu wa kupita mitaani juu ya gari la punda, tarumbeta la bati mdomoni, akitangaza mchezo wa jioni huku madirisha yakifunguka. Sauti alikuwa nayo. Bububu aliuza pweza, na watu walimsikia kabla ya kumnusa.

Tena kulikuwa na Mize. Baba yake Mize, Mzee Silima, karani mstaafu wa forodhani, alikwisha kumwambia mbele ya baraza zima: "Mimi simuozi binti yangu mtu asiyekuwa na hata mtu mmoja wa kumsifu. Siku ukimpata, njoo." Watu walicheka, na Makungu ile aibu hakuwahi kuimeza.

Nje ya senema alikuta watu kumi na wawili wamekaa, kila mmoja na barua mkononi. Nusu ya karatasi zile Makungu alizijua. Zilinuka debe la Gharib.

Waliingia mmoja mmoja na kutoka upesi, nyuso zimewashuka. Zamu yake ilipofika, alivua kofia, akaitoa barua, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

Meneja, Bwana Rustam, alikuwa mtu mnene asiyejua kucheka. Alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akamtazama Makungu kuanzia utosini mpaka kwenye makubadhi.

"Wewe ndiye Charli?"

"Naam, Bwana."

"Umekaa kwa huyu bwana miaka tisa?"

"Tisa kamili."

"Anasema sauti yako husikika mpaka nyumba ya tatu."

"Kanidhulumu, Bwana. Ya saba."

Bwana Rustam akashusha kidole kwenye karatasi. "Anasema ukifundishwa neno, unalisema vile vile, huongezi lako."

"Hata herufi."

"Na kwamba ukipewa njugu, unaimba."

Hapo Makungu alisita. Njugu zilikuwa zikimsumbua tumbo tangu utoto. Lakini mwenye shida hachagui, na meneja alikwisha kufungua mtoto wa meza na kutoa pakiti. Makungu alitafuna tatu, akafumba macho, akaimba. Chini barabarani punda akajibu.

"Na hapa," alisema Bwana Rustam, sauti imemkauka kidogo, "anasema ulimuuma padri sikio."

Makungu alimlaani Gharib kimoyomoyo kwa kumpa barua ya mhuni. Lakini maji alikwisha kuyavulia nguo.

"Ilikuwa zamani, Bwana. Tumeshapatana."

Bwana Rustam aligeukia dirishani. Alikaa huko muda mrefu, mabega yakimtikisika, na Makungu akaona kila kitu kimekwisha: gari la punda, tarumbeta, Mize. Alinyoosha mkono kuchukua barua yake.

"Iache," alisema meneja, akijifuta macho. "Leo nimesoma barua kumi na mbili. Wote waaminifu, wote hawanywi, wote huwahi kazini. Sikumbuki sura ya hata mmoja. Mimi nataka mtu asiyekosa la kusema, lolote litakalomfika. Kazi ni yako. Anza Jumamosi."

Makungu aliruka mpaka kofia ikamtoka mkononi. Mtu mwingine angeshukuru akaenda zake. Yeye alirudi mezani.

"Bwana, kuna mzee ananiozesha binti yake, anataka kuona nani ananisifu. Nigeuzie barua hii kwa Kiswahili, nimpelekee."

"Yote?"

"Yote, Bwana. Usiache hata neno."

"Huyo mzee ni mtu wa hasira?"

"Ni mtu wa kusoma, Bwana."

Bwana Rustam aliandika taratibu, kwa mwandiko mzuri, akatia ndani ya bahasha na kuigandisha. "Aifungue mkwe mwenyewe," alisema. "Ndiyo heshima."

Alasiri ile baraza ya Mzee Silima ilijaa. Makungu aliamkia shikamoo iliyosikika mpaka nyumba ya saba, akatoa bahasha. Nyuma ya mlango, Mize na mama yake walitega masikio.

"Humo naitwa Charli, baba. Ndilo jina langu la kazini. Soma kwa sauti, kila mtu asikie."

Mzee Silima alivaa miwani, akakohoa, akasoma:

"Kwa yeyote atakayemchukua Charli wangu: mpe njugu, mweke mbali na paka, usiku lifunike tundu lake kwa kitambaa cheusi ili anyamaze, na usihuzunike kwa ule mkia wake mwekundu, kwani manyoya yataota tena."